Kurasa za magonjwa ya kuku sasa hazina matangazo

Wengi mnaniuliza kama blogu hii ya kuku inaingiza hela. Inaingiza, kupitia AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenye blogu. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100, na kabla ya hapo, ukifikisha dola 10, hutumiwa kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani yako. Kwa hiyo hakikisha S.L.P. uliyojaza ni ile unayoifungua kweli. Tangu 2024 hesabu ni ya tangazo kuonekana, si kubofywa. Na usiwaombe ndugu wakubofyee, utafungiwa akaunti.

Ila linaloniuma mimi ni la msomaji.

Anayefungua makala yangu ya ugonjwa wa kideri hasomi kwa kujiburudisha. Kuku wake wamezubaa tangu asubuhi, wanaharisha kijani, mmoja ameshapinda shingo, naye yuko bandani na simu ndogo yenye bando la siku. Anataka kujua kitu kimoja: nikiwachanja sasa, watapona? Hawatapona, kideri hakina tiba. Watenge wagonjwa, usiwauze. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni, ni ya kuku wazima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Sasa, ukiiachia Google ipange matangazo yenyewe, inaweza kuleta hata lile linalofunika ukurasa mzima. Jibu la mfugaji linafichwa na picha nzito, tena anaipakua kwa bando alilonunua mwenyewe! Hilo siwezi kulikubali.

Kwenye mipangilio ya AdSense kuna mahali pa kutaja kurasa zisizowekwa matangazo. Nimeziingiza zote za magonjwa: kideri, gumboro, ndui, mafua ya kuku. Kwa blogu nzima nimezima yale ya kufunika ukurasa na yanayoganda chini ya skrini. Nimezuia pia matangazo ya kutafuta wachumba na ya kutajirika haraka, maana mtu aliyetoka kufukia kuku wake wote ni rahisi mno kurubuniwa.

Mapato yameshuka, kwa sababu kurasa za magonjwa ndizo zinazosomwa zaidi. Nimeridhia. Makala za kujenga banda na kuchanganya chakula zinaendelea kubeba matangazo, kwani huko mtu husoma kwa nafasi, akiwa bado anapanga. Mkiona tangazo la ovyo limepenya, nipigieni picha ya skrini mnitumie, nitalizuia.