Kusoma majibu ya kipimo cha homa ya ini aina ya B

Shemeji yangu wa Tukuyu alipokuja kwangu hapa Mbeya na karatasi ya maabara, alikuwa ameshatenga kikombe, sahani na kijiko chake, kwa kuwa kati ya mistari mitatu ya majibu yake miwili ilisomeka chanya. Inaniuma kwamba alikabidhiwa karatasi ile bila maelezo, maana chanya ya mstari mmoja ni habari mbaya na chanya ya mwingine ni habari njema.

Mstari wa HBsAg hutafuta protini ya ganda la nje la kirusi. Ukiwa chanya, virusi vimo mwilini, na vikiendelea kuonekana kwa zaidi ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Wake ulikuwa hasi. Anti-HBs, ambayo ni kingamwili inayomlinda mtu, ilikuwa chanya.

Kilichomtisha zaidi ni anti-HBc. Hii ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, na kwa kuwa chanjo hutengenezwa kwa protini ya ganda peke yake, haiwezi kuletwa na chanjo; kwa kawaida aliye nayo amewahi kuambukizwa, pengine utotoni na bila kuugua. Shemeji alizaliwa kabla ya mwaka 2002, ambao ndio chanjo hii ilipoanza kutolewa kwa watoto wachanga nchini, kwa hiyo sikushangaa. Ukiisoma mistari yote kwa pamoja, aliambukizwa, akapona, na sasa ana kinga. Na hata angekuwa mgonjwa, homa hii haienezwi kwa sahani, bali kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Hata hivyo, anti-HBc ikiwa chanya peke yake, daktari hana budi kuchunguza zaidi, kwani huenda maambukizi ni ya karibuni, au ni ya zamani na kinga imefifia, au kipimo kimekosea. Aliyepona naye amweleze daktari kabla ya kuanza dawa za saratani au nyingine zinazoshusha kinga, kwa sababu mabaki ya kirusi hubaki yamejificha kwenye ini na yanaweza kuamka.

Kaka bado hajapima. Nimewasihi waende pamoja, na mistari yake yote mitatu ikiwa hasi, aanze chanjo siku hiyohiyo, arudie baada ya mwezi 1, kisha amalizie mwezi wa 6.