Jogoo wa skrini sita kwenye fulana nyeusi

Picha yenyewe ilikuwa jogoo aliyechorwa kwa brashi: kilemba chekundu, shingo ya machungwa, mkia wa kijani kinachokimbilia bluu. Mteja alitaka fulana nyeusi. Nikakubali bila kufikiri sana, maana kwenye fulana nyeupe kazi ya namna hiyo nilishaizoea. Unagawa picha katika rangi nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), unachapa kila rangi kwa skrini yake, yaani fremu yenye wavu unaopitisha wino, basi.

Kwenye nyeusi mambo ni mengine. Wino wa rangi nne unapitisha mwanga, kwa hiyo unategemea weupe wa kitambaa kilicho chini yake. Jogoo wangu wa kwanza alimezwa mzimamzima. Ulimwona ukiinamisha fulana kwenye mwanga wa dirisha tu. Nikachapa bapa la wino mweupe chini yake. Rangi zikawaka kweli, lakini kifua cha fulana kikawa kigumu kama kitambaa cha meza cha plastiki, na weupe ukachungulia pembeni mwa kila unyoya.

Niliielewa kazi nilipoihesabu fulana yenyewe kuwa rangi mojawapo. Kila kivuli ni kitambaa kitupu, hakihitaji wino. Basi weupe wa chini hauwezi kuwa bapa. Ni lazima uwe picha, mzito penye mwanga na mwepesi kuelekea gizani.

Kwenye Photoshop niliweka jogoo juu ya mandhari nyeusi, nikatengeneza nakala ya kijivu, kisha nikaigeuza kinyume, kwa sababu palipo peusi kwenye filamu, ile plastiki angavu ya kuhamishia picha kwenye skrini, ndipo wino utakapopita. Hapo kilemba kikanitesa siku mbili nzima. Nyekundu safi ikigeuzwa kijivu huwa ya giza, kwa hiyo chini ya kilemba zilibaki chache tu zile doti ndogo zinazojenga uzito wa weupe, na nyekundu ikatoka kama damu iliyokauka. Nilirudi kwenye chaneli nyekundu ya picha asili, yaani nakala ya kijivu inayoonyesha kiasi cha wekundu tu. Humo kilemba ni cheupe pe. Nikakikata kilemba hicho, nikakibandika kwenye nakala ya kijivu kabla ya kuigeuza. Halafu nikaupunguza weupe wote pembeni kwa pikseli 2, picha ikiwa na pikseli 300 kwa inchi, ili rangi za juu ziufunike.

Rangi nyingine hazikusumbua hivyo. Nilichagua kila moja kwa kuigusa kwenye picha, nikaihifadhi katika chaneli yake: nyekundu, njano, bluu, kahawia. Kijani sikukipa skrini. Doti za bluu zikikaa kando ya za njano, jicho linakitengeneza lenyewe. Ya sita ikawa weupe wa juu, wa kung'arisha ncha za manyoya na jicho tu. Ukiusambaza huu, picha nzima inaonekana imemwagiwa unga.

Doti niliziweka kwa mistari 45 ya doti kwa inchi, pembe ya digrii 22.5 kwa rangi zote, kwenye skrini za nyuzi 230 kwa inchi. Hiyo ni kama nyuzi tano kwa kila doti. Nilipojaribu doti ndogo zaidi kwenye skrini zilezile, manyoya ya kifuani yalijaa mawimbi ambayo mchoraji hakuyachora. Doti zinazofunika chini ya asilimia 5 ya eneo nazo hazikushika kwenye skrini, nikaacha kuzihangaikia. Shida kubwa ilikuwa kutanuka: wino ukigusa kitambaa doti huvimba, na sehemu iliyokuwa asilimia 50 kwenye filamu huonekana nzito zaidi ikichapwa. Ndiyo maana sasa nazififisha rangi za kati kabla ya kutoa filamu, hata kama kwenye kompyuta picha inaonekana imepauka.

Wakati wa kuchapa, weupe wa chini ulitangulia, nikaukausha mpaka usishike kidole, bila kuuivisha kabisa. Ukiiva, wino wa juu haushiki vizuri. Rangi nne zikafuata mfululizo, weupe wa juu ukafunga. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki unaoiva kwa joto, niliuivisha kwenye nyuzi joto 160 za Selsiasi.

Mteja alipitisha kiganja kifuani mwa fulana, akaigeuza ndani nje, akauliza kama wino upo kweli. Mimi bado naona bluu ya mkia imezidi kidogo. Filamu yake nitaitoa upya.