Ninavyokadiria hisa za kampuni inayotengeneza vito

Hapa Arusha tumezoea kupima jiwe kwa uhaba wake. Tanzanaiti inatoka Mirerani peke yake. Migodi ikipunguza uzalishaji, bei inapanda. Kwa kampuni ya vito vya maabara hesabu hiyo haifai kabisa, maana mwenye mtaji yeyote anaweza kujenga tanuru lake na kutengeneza mawe. Kwa hiyo naanza na bei ya jiwe. Mauzo nayaangalia baadaye.

Charles & Colvard ya Marekani, watengenezaji wa moisanaiti (jiwe la maabara linalofanana na almasi) walioingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 1997, ndio mfano ninaoutumia zaidi. Hataza yao ya Marekani, yaani haki ya kulitengeneza jiwe hilo peke yao, iliisha mwaka 2015, washindani wakaingia. Kisha almasi ya maabara ikaanza kushuka: De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walizindua Lightbox, chapa yao ya almasi za maabara, mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga.

Bei naifuatilia kila mwezi kwa jiwe la ukubwa mmoja, duara la milimita 6.5. Usilinganishe kwa karati. Moisanaiti ni nyepesi kuliko almasi: duara hilo lina takriban karati 0.88, wakati la almasi lina karati 1 hivi.

Sasa hesabu, kwa tarakimu za mfano. Kampuni inauza karati 100,000 kwa dola 60 kila moja, na kila karati imeigharimu dola 30. Mapato ni milioni 6, faida ghafi milioni 3. Mwaka unaofuata inauza asilimia 20 zaidi, lakini bei imeshuka asilimia 15 hadi dola 51. Mapato yanafika milioni 6.12, na taarifa itasema kampuni imekua. Faida ghafi, hata hivyo, ni milioni 2.52. Ukitoa matumizi ya uendeshaji ya milioni 2, faida imetoka milioni 1 hadi dola 520,000. Imepungua karibu nusu!

Kwa nini gharama haishuki pamoja na bei? Jibu liko kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Gawanya thamani ya bidhaa ghalani kwa gharama ya mauzo ya mwaka (gharama ya kutengeneza mawe yaliyouzwa). Ukipata 2, ujue mawe ya miaka miwili yalishakatwa kwa gharama ya zamani na yatauzwa kwa bei mpya. Mimi uwiano huo nauogopa kuliko deni, kwa sababu siku moja wahasibu watalazimika kushusha thamani ya ghala na hasara itatokea kwa mkupuo.

Bei ya hisa naipata hivi: faida ya uendeshaji mara 8, jumlisha fedha taslimu, toa madeni, gawanya kwa idadi ya hisa. Kwa faida ya 520,000, fedha milioni 2, bila deni, na hisa milioni 3, inakuja dola 2.05. Bei ya jiwe ikishuka asilimia 5 tu badala ya 15, hisa inafika dola 3.97. Ikishuka asilimia 30 kampuni inakula hasara ya dola 560,000, na hapo nahesabu miezi ambayo fedha zake zitadumu.

Kabla ya kulinganisha na chati za zamani, hakikisha idadi ya hisa. Charles & Colvard waliunganisha kila hisa 10 kuwa 1 mwaka 2024, kwa hiyo dola 1 ya kabla ya hapo isomeke kama dola 10.