Mshale Uliolala Kwenye Sifuri

Jumamosi iliyopita binti yangu alifungua boksi la viatu vipya, akachomoa kile kifuko kidogo chenye punje ndani, akaniuliza kwa nini kimeandikwa kisiliwe ilhali hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka kukila. Nilimweleza kwamba zile ni punje za silika jeli na kazi yake ni kunywa unyevu ili viatu visiote ukungu, naye akaridhika na kwenda zake. Mimi nilibaki nimekishika. Punje za namna hiyo hujazwa kwenye chupa ambayo transfoma huvutia pumzi, nyingine zikiwa za buluu zinapokuwa kavu na kugeuka waridi zinaposhiba maji, na mradi wetu wa kwanza wa ng'ambo ulinifundisha kuuogopa unyevu kuliko umeme wenyewe.

Kabla ya mradi ule tulikuwa watengenezaji tu. Transfoma ikishafaulu majaribio ya kiwandani mbele ya mkaguzi wa mteja, kisha ikapakiwa melini, kwetu ilikuwa imekwisha. Likitokea la kutokea baharini, hilo lilikuwa shauri la mnunuzi na bima yake. Baadaye wakubwa waliona kwamba faida nono iko kwa mkandarasi anayesanifu, kununua vifaa, kujenga na kukabidhi kituo kikiwa kinafanya kazi, wakasaini mkataba wa kituo cha kupoza umeme chenye msongo wa kilovolti 220. Tulishangilia sana, na sidhani kama yeyote kati yetu alikuwa ameusoma ukurasa wa fidia ya ucheleweshaji, ambayo huhesabiwa kwa kila siku inayopita. Hata katalogi yetu haikuuweza mradi ule: kituo kilijengwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ambazo viwango vya kimataifa vya transfoma, IEC 60076, huzihesabu kuwa mpaka wa mazingira ya kawaida, na kwa kuwa hewa nyepesi huhami umeme kwa udhaifu, tulilazimika kuagiza vihami virefu kuliko tulivyozoea. Hilo angalau tuliligundua tukiwa bado mezani.

Transfoma kubwa husafiri bila mafuta yake ili kupunguza uzito. Tangi hujazwa hewa kavu kwa mgandamizo unaozidi kidogo ule wa nje, kwetu kilopaskali 20, ili pakiwa na tundu, hewa ya ndani itoke badala ya ile ya nje kuingia. Geji ndogo ya kioo hubaki ubavuni mwa tangi safari nzima, na jambo la kwanza mzigo unapofika ni kuisoma.

Ilikuwa alfajiri, lori lenye magurudumu yasiyohesabika lilikuwa bado halijazima injini. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alifuta vumbi la kioo kwa kidole gumba, akainama, akakaa kimya. Kisha akakigonga kioo kwa ukucha, mara moja, halafu mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu. Mshale haukutikisika. Ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Kijana, ilipoondoka kiwandani ilisoma ngapi?"

"Ishirini, mzee."

"Nani aliandika?"

"Ni mimi."

Hakuniuliza zaidi. Alisema tu kwamba sifuri maana yake tangi limekuwa likipumua njia nzima: mchana likipata joto na kutoa hewa, usiku likipoa na kuvuta unyevu, nao unyevu huo hauna pa kwenda ila kwenye karatasi zinazohami koili, ambazo kiwandani tulizikausha hadi maji yakabaki chini ya asilimia 0.5. Tulirudishia hewa kavu, tukapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye bamba la kuzibia lililo chini, pembeni mwa bolti moja, povu dogo lilivimba, likapasuka, na jingine likaota mahali pale pale. Gasketi, ile pete laini ya kuzibia kiungo, ilikuwa imebanwa upande.

Sikumwambia kwamba utaratibu ulitaka mgandamizo usomwe, uachwe saa 24, kisha usomwe tena. Lori lilikuwa likingoja getini na meli ilikuwa na tarehe yake. Nilisoma jioni mara moja, na asubuhi haijafika nilikwisha kuandika tarakimu ile ile kwenye mstari wa asubuhi.

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu: kupima umande wa hewa ya ndani, kuvuta ombwe, kuzungusha mafuta ya moto, kupima tena, kwa majuma ambayo mkataba haukuwa nayo. Kinasa mishtuko, kifaa kinachosafiri na mzigo kurekodi mitikisiko, hakikuonyesha kishindo chochote cha maana, kwa hiyo barabara iliachiwa huru. Kampuni ililipa fidia. Ripoti, ambayo nusu yake niliiandika mimi, ilisema gasketi ilipata hitilafu safarini, na huenda ni kweli, kwa maana sina namna ya kujua kama usomaji wa pili ungeonyesha upungufu wowote. Tangu hapo fomu ile inataka saini mbili za watu wawili, na kiwandani wanauita utaratibu wa ng'ambo, kana kwamba tatizo lilitoka huko.

Mzee alistaafu kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Siku tuliyoiwasha transfoma, wenzetu wakipigana picha mbele yake, aliniletea fomu ya kusoma joto la mafuta kila saa, akaniwekea kalamu juu yake.

"Huo mstari wa pili," alisema, "usiujaze mpaka saa yake ifike."

Kisha akaenda kupiga picha na wenzake.