Siku moja ya Julai: kazi tatu za kufuma, watoto watatu

Saa kumi na nusu alfajiri. Adhana bado haijasikika hapa Chuno, nami nimekwisha kuketi mkekani, taa ya sola kando ya goti na sweta nyeupe mapajani. Watu wakisikia kwamba ninafuma sweta Mtwara hucheka kwanza, kwa kuwa mji wetu ni wa joto na jasho; lakini wateja wangu wengi wako Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako kusi ya mwezi huu huja na ukungu wa asubuhi, na mama mwenye mtoto mchanga hamtoi nje bila sweta na kofia. Hata huku pwani mkoba wa mama anayekwenda kujifungua haukosi vitu hivyo viwili, joto liwe kali namna gani.

Huwa nina kazi tatu kwa wakati mmoja, na kila moja ina saa zake kulingana na hesabu inayodai. Hii nyeupe ina nakshi ya misokoto: kila baada ya mistari 8, vitanzi vitatu huhamishiwa kwenye kijiti cha mshikaki, vitatu vinavyofuata hufumwa kwanza, kisha vile vya kijitini hurudishwa na kufumwa nyuma yao. Ukikosea kuhesabu mstari mmoja, msokoto huonekana kama mtu aliyeteguka mguu. Kwa hiyo kazi hii hufanywa watoto wakiwa wamelala. Ya pili ni sweta ya shule ya buluu, isiyo na nakshi yoyote, ambayo mikono yangu huifuma yenyewe huku macho yakiwa jikoni. Ya tatu ni kofia ndogo ya kufuma kwa kroshia, inayokaa mfukoni na kutembea nami popote.

Saa kumi na mbili nyumba huamka yote kwa pamoja. Baba yao yuko Tandahimba tangu wiki iliyopita, anapulizia salfa mikorosho ya familia, hivyo chai, sare, mswaki na kilio cha soksi iliyopotea vyote ni vyangu. Mkubwa, wa darasa la kwanza, ameondoka na watoto wa jirani saa moja kasorobo. Wa kati, binti wa miaka mitatu, amekunywa chai na ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha. Kitinda mimba ana miezi minane na hana haraka na lolote.

Kati ya saa mbili na saa nne nilifuma ile ya buluu, mtoto mgongoni, mchele ukiwa kwenye ungo mbele yangu. Huo ndio wakati nilipobaini kwamba karatasi yangu ya hesabu, ambayo kila mstari wa sweta nyeupe huuandikia kijistari cha penseli, imegeuzwa kuwa picha ya kuku. Binti yangu aliniletea mwenyewe, kwa fahari. Nilimsifu kuku, maana kweli alikuwa na miguu, kisha nikaanza kuhesabu upya kwenye sweta yenyewe kwa ncha ya sindano, msokoto hadi msokoto. Mistari 32. Nilishukuru kwamba nakshi hujihesabia yenyewe; ingekuwa kazi isiyo na nakshi ningehesabu hadi adhuhuri.

Saa nne na nusu tulikwenda sokoni, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Uzi mweupe ulikuwa umebakia bonge moja na mikono yote miwili ya sweta haijaanza. Muuzaji alinihakikishia: “Mama, rangi ni ileile, nyeupe ni nyeupe.” Siyo kweli, na mfumaji yeyote aliyewahi kuungua anajua. Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, kila mkupuo una namba yake kwenye lebo ya bonge, na mikupuo miwili ya rangi moja inaweza kutofautiana kidogo tu, kiasi cha kutoonekana dukani chini ya taa na kuonekana waziwazi kwenye jua. Namba hazikufanana. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine, nilinunua mabonge mawili nikijua nitakachofanya: mikono nitaifuma kwa kubadilishana, mistari miwili ya bonge la zamani, miwili ya jipya, mpaka jicho lisipate mahali pa kusema hapa ndipo rangi ilipobadilika.

Mchana ni samaki. Kuhusu hilo sina mengi, isipokuwa kwamba mikono iliyoparua samaki haigusi uzi mweupe mpaka ioshwe kwa sabuni na limau mara mbili.

Saa nane wadogo walilala, na dada mmoja wa mtaani anayejifunza kwangu alikuja na sweta yake ya kwanza, ambayo kwa bahati mbaya ingemtosha mwanasesere. Alikuwa ameruka sampuli, kile kipande kidogo kinachofumwa kwanza ili kupima vitanzi. Nilimwonyesha tena: kwa sindano za milimita 4 na uzi huu, mimi hupata vitanzi 22 katika sentimita 10. Mtoto wa miezi sita ana kifua cha sentimita 44 hivi; ukiongeza 4 za kupumulia zinakuwa 48, nayo hiyo ni vitanzi 106, yaani 53 mbele na 53 nyuma. Yeye hukaza uzi kama anayefunga mbuzi, kwa hiyo kwake vitanzi 22 havifiki sentimita 8. “Basi nilegeze mkono?” akauliza. Nikamwambia abadilishe sindano, achukue nene zaidi, kwa sababu mkono wa mtu haulegei kwa kuambiwa.

Tulipokuwa tukizungumza, binti aliamka kimyakimya, akaivuta sindano kutoka kwenye sweta ya buluu. Vitanzi vingi vilibaki vimesimama, lakini kimoja kiliponyoka na kushuka mistari tisa, kikiacha nyuma yake nyuzi za kukingama kama vipago vya ngazi. Zamani ningefumua yote. Sasa ninachukua sindano ya kroshia, nakikamata kitanzi kule chini, nauvuta uzi wa kwanza uliokingama upite ndani yake, kisha wa pili, wa tatu, kipago kwa kipago hadi juu. Binti alihesabu pamoja nami: moja, mbili, tatu, tano. Nilimwacha na tano yake.

Saa kumi na moja jioni mteja wa Newala alipiga simu. “Dada, mtoto keshazaliwa, nawe bado?” Nilimwomba radhi na kumwahidi kwamba kofia itapanda basi kesho asubuhi kutoka stendi ya Mkanaledi, na sweta itafuata Jumamosi. Kofia niliimaliza tukimsubiri mkubwa amalize kazi yake ya shule, ambayo ilikuwa ya kuhesabu pia, hivyo tulikuwa wawili tunaonong'ona namba tofauti kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akimvuruga mwenzake.

Saa tatu usiku nyumba ilitulia. Nilitoa ile nyeupe, nikaitandika chini ya taa, nikafuma mstari wa 33 hadi wa 37 bila kuinua kichwa. Nilipokuwa katikati ya wa 38, kitinda mimba alianza kulia. Karatasi ilikuwa na kuku. Nilichukua kalamu ya wino, nikajiandikia 38 juu ya kifundo cha mkono, na chini yake vitanzi 24, nikaenda kumnyonyesha.