Nyanya zangu hazikuwa zinaumwa

Jumapili jioni, Nzuguni, Dodoma.

Leo nimechuma nyanya kumi na nne, na hakuna hata moja iliyooza kitako. Nimeona niandike kabla sijaziingiza jikoni, maana mwaka jana majira kama haya nilikuwa nawamwagia mbuzi wa jirani ndoo nzima na nilishaapa kutolima tena uani.

Wanaolima wanaijua hali hiyo. Nyanya inanenepa vizuri, inaanza kupata rangi, ukiigeuza unakuta chini pamedidimia, peusi, pakavu kama ngozi ya kiatu. Nilikwenda duka la pembejeo nikaeleza, nikauziwa dawa ya ukungu. Baada ya wiki mbili nikauziwa nyingine ya bei zaidi. Hali ileile. Fedha iliniuma, lakini kinachoniuma mpaka leo ni kwamba watoto wangu walikula mboga nilizozipulizia dawa bila sababu yoyote.

Kuoza kitako si ukungu wala mdudu. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo ardhini tele. Tatizo liko kwenye usafiri: inapanda pamoja na maji, na maji yakipungua majani huvuta kwanza, kitako cha tunda kinapata mwisho au kinakosa kabisa. Sasa kwetu bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki. Nami nilikuwa namwagilia kwa kufuata bomba. Yakitoka, bustani inakuwa tope. Yakikatika, mimea inakaa na kiu mpaka yatoke tena. Msimu mzima nilinunua dawa ya ugonjwa ambao haukuwapo.

Aliyenionyesha ni bibi wa nyumba ya tatu, Mgogo aliyelima hapa kabla mtaa haujapimwa viwanja. Alipita kunisalimu, mbukwenyi, akachutama, akachomeka kidole kwenye tuta.

"Mwanangu, juu pamelowa, ndani vumbi. Na haya matuta mbona umeyainua hivi?"

"Bibi, ndivyo tunavyolima kwetu Lushoto."

"Lushoto kuna mvua. Hapa tunachimba, hatuinui."

Nililichukulia kama neno la kawaida, kisha usiku likanikosesha usingizi. Dodoma inapata wastani wa kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Tuta lililoinuka linapigwa na upepo juu na ubavuni, linakauka haraka. Nilikuwa nimehamisha bustani ya milimani nikaileta kwenye nchi kavu, halafu nikawa nailaumu mimea.

Nikayavunja yote. Nikachimba matuta mbonyeo, yale yanayokaa chini ya usawa wa ardhi ili maji yatulie, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyolala miezi mitatu (mbichi inaunguza mizizi, hilo nililijua tangu nyumbani), nikatandaza mabua ya uwele na nyasi kavu. Nikanunua pipa la lita 200. Bomba likitoka najaza pipa, siachii tena mpira bustanini. Kila shina la nyanya linapata kopo la lita moja asubuhi na jingine jioni, siku zote saba. Matandazo yanaita mchwa, lazima niliseme, kwa hiyo nayaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja na naongeza yanapoliwa.

Bilinganya nazo zilikuwa na kisa chao. Majani yalipauka, yakawa na vidoa vidogo kama yamenyunyiziwa unga, na chini yake utando mwembamba. Ni utitiri mwekundu, unaopenda sana joto na ukavu wetu huu. Nilitaka kukimbilia dawa ya wadudu, nikajizuia, kwani dawa kali inaua pia wadudu wanaoula utitiri, nao unarudi kwa wingi zaidi. Nanyunyizia maji ya nguvu upande wa chini wa majani kila asubuhi, majani yaliyozidiwa nayakata. Bado haujaisha. Umepungua. Vidukari vya kwenye chainizi havikunisumbua sana, maji ya sabuni yaliwatosha.

Mipapai ndiyo inayonipa mawazo. Mitatu niliyopanda yote imechanua, na miwili ina maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hiyo ni madume, haizai. Mmoja tu ni jike, ua lake limekaa karibu na shina, na kwa ajili ya huyo lazima nibakize dume mmoja wa uchavushaji. Mwingine nitaukata. Ningejua, ningeweka miche mitatu kila shimo nikachagua baada ya kuchanua. Mwaka na nusu wa maji ya pipa si kitu kidogo.

Jioni hii nimempelekea bibi nyanya sita kwenye ungo. Hakutazama rangi wala ukubwa. Alichukua moja, akaigeuza juu chini, akakipapasa kitako kwa kidole gumba, kisha akachukua ya pili nayo akaigeuza vilevile, mpaka zote sita zikaisha. Akaita mjukuu wake alete kisu na chumvi.