Themostati ya dizeli: usikubali fundi akuambie huku kwetu haina kazi

Naanza na msimamo wangu kabisa: gari ya dizeli haitakiwi kutembea bila themostati, yaani ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hata kama unaishi Tanga na jasho linakutoka saa tatu usiku. Najua wengi mtabisha, maana mafundi wetu karibu wote wameshatuaminisha kwamba kile kidude ni cha nchi za baridi, hivo gari ikichemsha tu hatua ya kwanza ni kung'oa themostati na kuitupia kwenye kopo la misumari, mteja anaambiwa sasa maji yanapita vizuri, analipa, anaondoka na furaha yake.

Yangu ni Landi Rova Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, ile ya lita 2.5 silinda nne, zimejaa sana huku Arusha mpaka Karatu kwa sababu ya utalii. Niliikuta tayari imeshapita kwa watu kibao na kila mmoja kaacha alama yake. Asubuhi ukiwasha moshi mweupe unachoma macho na haukati mapema, ukipanda ule mlima wa Mto wa Mbu geji ya joto inanyanyuka kidogo, ukishafika juu ukatembea tambarare kuelekea Karatu inashuka tena. Sasa nenda Ngorongoro mwezi wa saba, pale ukingoni mwa kreta ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ukungu mpaka bonneti yako mwenyewe huioni vizuri, mshale umelala chini kabisa utadhani gari haijawashwa. Na ukiteremka mlima mguu ukiwa nje ya mafuta ndo kabisaa. Hita inapuliza upepo wa friji (hita ya Defender hata ikiwa mpya sio ya kujisifia ila hii ilizidi), na mafuta inakunywa bila aibu.

Hiyo ya mshale kulala ukiteremka ndo dalili kubwa, ukiiona ujue themostati imekwama wazi au haipo kabisa. Mimi nilipofungua kile kifuniko cha juu ya injini nilikuta shimo tupu na matope mekundu ya kutu.

Watu wanadhani injini ikiwa baridi ndo inafurahi. Hapana. Dizeli haina plagi ya kupiga cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, sasa kuta za silinda zikiwa baridi mafuta hayaungui yote, mengine yanateleza yanashuka mpaka kwenye oili, oili yenyewe inabaki nzito na unyevu ulioko ndani haukauki, afu salfa iliyoko kwenye dizeli ikikutana na huo unyevu inatengeneza asidi inayokula silinda na ringi taratibu. Injini inakufa polepole na wewe unajiona uko salama kwa sababu haichemshi.

Na hapo kwenye kuchemsha napo kuna jambo. Themostati nyingi za dizeli, zikiwemo za Toyota nyingi tu tunazoendesha huku, zina kisahani kingine upande wa chini. Valvu ya juu ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, kile kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, maji mengine ya moto yanajirudia ndani bila kuiona rejeta, hivo unaweza kukuta gari inachemsha kwenye mlima KWA SABABU umetoa themostati. Fundi anakuja anasema rejeta ndogo, unanunua rejeta, inachemsha tena, anasema feni, unanunua feni.

Ndani ya kile kidude hakuna maajabu, ni kikopo cha shaba chenye nta, nta ikipata moto inatanuka inasukuma kipini na valvu inafunguka, ikipoa springi inairudisha. Ya 300Tdi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 88, imegongwa namba juu yake. Muuzaji wa spea alinitolea ya 82 kwanza, akasema ndo zinazotoka sana huku. Nikamwambia kaka naomba ya 88 maana huku kwetu juu ni baridi, akachimba chimba akaipata.

Kabla ya kuifunga ijaribu, spea za siku hizi sio za kuamini hata zikiwa na boksi zuri. Bana ncha ya uzi kwenye mdomo wa valvu ikiwa bado baridi, yaani uingize uzi pale inapofunga, afu ining'inize kwa huo uzi kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini. Maji yakipata moto wa kutosha valvu inaachia uzi na themostati inadondoka yenyewe, tii, chini ya sufuria. Usiogope kwamba maji hayatafika joto linalotakiwa, Arusha tuko kama mita 1,400 na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ya 88 lazima iwe imeshaanza kufunguka kabla hayajachemka. Maji yakiwa yanatokota kabisa na bado imeng'ang'ania uzi, irudishe dukani.

Kuna mzee mmoja fundi ambaye napaki gari kwake, alipoona nimeishika akacheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, hiyo kitu unairudisha ya nini sasa, si unataka kuchemsha?"

"Ikichemsha mzee wangu basi rejeta imeziba, sio hii."

"Haya. Gari ni yako."

Ila spana alinipa, na baadae alikuja mwenyewe kuinama kuangalia.

Kufungua sio kazi. Injini iwe imepoa kabisa, huo mfuniko wa maji ukiufungua ikiwa moto utapelekwa hospitali. Punguza maji chini ya rejeta mpaka usawa ushuke chini ya ile nyumba ya themostati. Bolti zake weka mafuta ya kulegeza kutu mapema, usiku wa kuamkia ikiwezekana, kwa sababu nyumba ni ya alumini na bolti ni chuma, zinashikana vibaya na ukilazimisha bolti inakatikia ndani hapo ndo utatafuta mtu wa kuchonga. Ziba shimo kwa kitambaa safi, kwangua gasketi ya zamani na wembe taratibu usichimbe alumini, chomeka themostati mahali pake kopo la nta likiangalia chini upande wa injini, gasketi mpya, funga bolti kwa zamu usikaze moja mpaka mwisho. Silikoni kidogo sana, mafundi wetu wanapaka kama siagi kwenye mkate, ile inayominyika kwa ndani inakatika inaenda kuziba rejeta. Na kama gari yako themostati yake inasimama wima, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe upande wa juu ili hewa ipate pa kutokea.

Yangu niliisafisha kwanza kwa maji mengi mpaka yakatoka meupe, ndo nikaweka kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi.

Sasa kutoa hewa. Hapa ndo watu wanaua hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) afu lawama inaenda kwa themostati mpya. 300Tdi hedi yake ni alumini na bloku ni chuma cha kawaida, ikipata moto mahali penye povu la hewa inapinda, na geji inaweza isikuonyeshe kitu kwa sababu sensa ikiwa kwenye hewa haisomi maji. Fungua kizibo cha juu ya rejeta na kile cha juu ya nyumba ya themostati (vya plastiki vinavunjika, tafuta vya shaba), weka hita kwenye moto, jaza kupitia chupa ya maji taratibu mpaka rejeta ijae, funga kizibo chake, endelea mpaka maji yaonekane pale kwenye nyumba ya themostati bila mapovu, funga. Washa. Shika hosi ya juu: itakaa baridi muda mrefu mpaka unaanza kupata wasiwasi, afu ghafla inakuwa ya moto mkono hauvumilii. Hapo imefunguka.

Ya kwangu sasa mshale unasimama katikati, upande mlima uteremke haujali, moshi wa asubuhi unakata mapema.

Ikishapoa kabisa angalia tena chupa na ujazie, kushuka kidogo mara ya kwanza ni kawaida, ni hewa iliyokuwa imebaki. Ila kama kila asubuhi inataka maji na chini hakuna tone, usirudi kuisumbua themostati, anza na mfuniko wa chupa kama unashika presha, kisha ile gasketi yenye umbo la herufi P nyuma ya wota pampu ambayo 300Tdi zinajulikana nayo, na hedi iwe ya mwisho.